Herufi Mbili Mbele ya Jina



Mwezi uliopita, Jumamosi moja, tulikuwa tumemaliza mazoezi ya sataranji katika ukumbi wa shule tunaouazima hapa Mombasa. Tunarudisha kete mifukoni, tunahesabu kama farasi wote wapo, maana farasi ndio hupotea sana. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akanisogelea, simu kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. "Shikamoo mwalimu. Nimekuwa masta."

Nikaitazama ile simu. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni, lakini herufi zilisomeka: AFM, zimekaa mbele ya jina lake. Alikuwa amecheza usiku baada ya usiku, bando akilinunua kwa nauli yake na kurudi nyumbani kwa miguu. Nikampa mkono, nikampongeza, na pongezi hizo zilitoka moyoni. Halafu akaniuliza: "Sasa mwalimu, nikienda kwenye mashindano Nairobi, wataniandika masta?"

Siku ile sikumjibu sawasawa. Nilimwambia tutazungumza. Mazungumzo ya leo ni jibu lake, na ni jibu kwa kila mzazi, mwalimu na mchezaji anayejiuliza hizi herufi zinapatikana vipi, na kwa nini kwetu ni haba.

Sisi watu wa pwani tuna namna yetu ya kumjua bingwa. Pita kwenye baraza linalochezwa bao jioni. Fundi wa bao hana cheti. Akifika, anapishwa nafasi. Akiinua kete, maneno yanapungua, na vijana wanainama kuangalia mkono wake unapopita shimo kwa shimo. Ushahidi wa ufundi wake ni macho ya watu wa mtaa ule, na kwa mtaa ule ushahidi huo unatosha.

Sataranji nayo iliishi hivyo kwa karne nyingi. Jina la grandimasta lilitolewa na magazeti na waandaaji wa mashindano kwa yule waliyemwona anastahili. Shirikisho la dunia, FIDE, liliundwa Paris mwaka 1924, lakini ilichukua mpaka 1950 ndipo likaandika orodha yake rasmi ya kwanza: grandimasta 27, basi. Orodha ile ilipangwa kwa kuangalia sifa za mtu. Hesabu ikaja baadaye, na aliyeileta ni Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa profesa wa fizikia kule Milwaukee, Marekani. Mfumo wake FIDE iliukubali mwaka 1970, na ndiyo maana mpaka leo mchezaji anakuuliza, "Elo yako ngapi?"

Kila mchezaji ana namba. Wawili wenye namba sawa wakikutana, kila mmoja anatarajiwa kupata nusu ya pointi. Ukimzidi mwenzako kwa alama 200, unatarajiwa kuvuna kiasi cha pointi tatu katika michezo minne. Kwa mchezaji ambaye kila mchezo kwake unahesabiwa kwa kipimo cha 20, ambacho ndicho cha watu wazima wengi, kumshinda aliye sawa nawe kunakuongezea alama 10. Kumshinda aliye chini yako kwa 200 kunakupa karibu 5 tu, na akikufunga yeye, unapoteza 15. Mdogo hana cha kuogopa akikaa na mkubwa. Mkubwa ndiye anayekaa na wasiwasi.

Juu ya hizo namba kuna ngazi ya vyeo. Cha chini ni CM, masta mtarajiwa, kwa Elo 2200. Kinafuata FM, masta wa FIDE, kwa 2300. Hivi viwili vinataka ufikishe namba, na uwe umecheza michezo ya kutosha inayotambuliwa. Juu yake yupo IM, masta wa kimataifa, kwa 2400, na kileleni GM, grandimasta, kwa 2500. Wanawake wana ngazi yao pia, inayoanza na WCM kwa 2000 na kuishia WGM kwa 2300, lakini vyeo vingine vyote viko wazi kwao. Nona Gaprindashvili wa Georgia alipewa ugrandimasta kamili mwaka 1978, na Judit Polgár wa Hungaria aliupata mwaka 1991 akiwa na miaka 15. Binti anayenisikiliza asiambiwe na mtu kwamba dari lake liko chini.

Namba hiyo ukiigusa mara moja tu, hata katikati ya mashindano, umeshaitimiza. Na cheo ukishapewa ni cha maisha. Uzee ukija na Elo ikashuka, herufi zinabaki.

Lakini kwa IM na GM namba peke yake haitoshi. Hapo ndipo panapoingia kitu ambacho wachezaji wanakiita nomu, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wanapokwama.

Nomu ni shindano moja ambamo umecheza kwa kiwango cha cheo unachokitafuta. Kwa grandimasta, kiwango hicho ni 2600, na unatakiwa kukionyesha katika jumla ya michezo isiyopungua 27, kwa kawaida mara tatu. Chukua mashindano ya raundi tisa. Kama wastani wa wapinzani wako tisa ni 2380, ambao ndio wa chini kabisa unaoruhusiwa, unatakiwa kupata pointi 7 kati ya 9. Wapinzani wakiwa na wastani wa 2475, pointi 6 zinakutosha. Hesabu hiyo ni ya haki kabisa, wapinzani wakali kwa pointi chache, au wepesi kwa pointi nyingi.

Sasa sikiliza masharti mengine. Katika hao tisa, watatu lazima wawe magrandimasta. Angalau watano lazima wawe na vyeo, na CM hahesabiwi. Wasizidi watano kutoka nchi yako, na lazima ziwepo nchi nyingine mbili au zaidi. Michezo iwe ya muda mrefu, saa mbili kwa kila mchezaji ukihesabu hatua 60, kwa hiyo mchezo mmoja unaweza kula saa nne. Raundi haziwezi kuzidi mbili kwa siku.

Pata picha wewe ni mkufunzi wa klabu hapa Mombasa, au Mwanza, au Bujumbura. Una kijana mwenye akili ya moto. Utampatia wapi magrandimasta watatu wa kukaa naye meza moja? Hata afunge kila mtu Afrika Mashariki nzima, mara kumi mfululizo, kama hakuna magrandimasta mezani, hana nomu. Anaweza kuwa anacheza kama grandimasta, na dunia isiwe na karatasi ya kuliandikia hilo.

Na tatizo la pili limejificha ndani ya Elo yenyewe. Akina mama wanaujua vizuri mchezo wa upatu. Watu kumi wanachanga, mmoja anapokea, mwezi ujao mwingine. Pesa inazunguka, lakini haiongezeki, ni ile ile. Elo ya nchi ambayo wachezaji wake wanacheza wenyewe kwa wenyewe inazunguka vile vile. Huyu anapanda kwa alama alizopoteza yule. Watoto wanaibuka kila mwaka na namba ndogo na ufundi mkubwa, wanazichukua alama za wakubwa, na kwa jumla namba zinabaki chini huku ufundi unapanda. Halafu kijana wetu anakwenda Ulaya na Elo ya 1900, anamfunga mtu wa 2150, na watu wanashangaa. Sisi hatushangai. Alama mpya huingia kwa wingi kwenye upatu pale mtu anapotoka kwenda kuzileta, au mgeni anapokuja kuziacha.

Kutoka nako kuna gharama. Tiketi ya ndege, hoteli kwa siku kumi, ada ya kuingia, na mwisho hata ada ya kuombea cheo chenyewe. Na viza. Nilikuwa na mchezaji aliyesubiri viza ya ubalozi mmoja kwa wiki saba. Ilitoka siku ya raundi ya nne. Nilikwenda naye kuichukua pasipoti, akaifungua pale pale barabarani, akaitazama ile stika nzuri yenye picha yake, akaifunga. Hakusema kitu mpaka tulipofika stendi ya basi.

Wenzetu walio karibu na mashindano hawalijui jambo hili. Budapest imekuwa kwa miaka mingi mji wa watu wanaowinda nomu, kwa sababu mashindano ya nomu yanafanyika mwezi hata mwezi na magrandimasta wako jirani. Mtoto wa Marekani Abhimanyu Mishra alikaa huko miezi akicheza shindano baada ya shindano, na tarehe 30 Juni 2021 akawa grandimasta mwenye umri mdogo kuliko wote katika historia, miaka 12 na miezi minne. Kipaji chake sikitilii shaka hata kidogo. Nasema tu kwamba kipaji kilipewa meza ya kukalia, kila siku.

Amon Simutowe wa Ndola, Zambia, hakuwa na meza hiyo nyumbani. Mwaka 2000 alikwenda Yerevan, Armenia, kwenye ubingwa wa dunia wa vijana, akashika nafasi ya pili. Ya pili duniani! Lakini ugrandimasta ulimchukua miaka mingine. Nomu ya tatu aliipata Uholanzi, mjini Arnhem, mwaka 2007, na cheo kikathibitishwa mwaka 2009. Akawa grandimasta wa kwanza kusini mwa Sahara. Kaskazini walishatangulia, Slim Bouaziz wa Tunisia tangu 1993. Na Robert Gwaze wa Zimbabwe, ambaye kwenye Olimpiadi ya sataranji ya timu za nchi, mjini Bled, mwaka 2002 alicheza meza ya kwanza na kushinda michezo tisa kati ya tisa, na mwaka 2007 akawa bingwa wa Afrika, watu wanamjua kama IM. Nikilifikiria hilo kifua kinanibana mpaka leo.

FIDE imeliona tatizo, na imeweka milango mingine inayoitwa vyeo vya moja kwa moja. Bingwa wa bara aliweza kupewa ugrandimasta papo hapo. Kenny Solomon, aliyekulia Mitchells Plain, Cape Town, alipita mlango huo. Desemba 2014 alishinda ubingwa wa Afrika mjini Windhoek, akawa grandimasta wa kwanza wa Afrika Kusini, ingawa Elo yake haikuwahi kufika 2500. Wapo waliosema kwamba amepita dirishani. Siwaungi mkono. Alikuta kanuni, akawafunga waliokuja, akashinda bara zima. Bara lenye magrandimasta wa kuhesabika haliwezi kungojea mvua ya nomu inyeshe yenyewe. Tangu hapo kanuni zimekazwa, kwamba anayepata cheo kwa njia hii awe amefikisha Elo fulani kabla hakijathibitishwa, na hilo pia ni sawa.

Mlango wa namna hiyo upo hata chini ya ngazi. Mashindano ya kanda humpa mshindi nafasi ya kuwa IM. Olimpiadi, ambayo kila nchi inapeleka timu, imewafungulia wengi cheo cha kwanza kwa kupata nusu ya pointi katika michezo ya kutosha. Ndipo alipopita Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Wengi mnamjua kupitia filamu ya mwaka 2016 ambayo Lupita Nyong'o wetu alicheza kama mama yake. Msichana aliyeifuata klabu ya Robert Katende, pale palipokuwa na uji na ubao wa sataranji, alirudi kutoka Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012 na cheo cha WCM, miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo chochote. Na Uganda haikuishia hapo. Ina ma-IM, akina Elijah Emojong na Arthur Ssegwanyi, na Ssegwanyi amefika hata Kombe la Dunia. Tunaoishi upande huu wa mpaka tuna la kujifunza kwa majirani, na tusione haya kwenda kuuliza.

Sasa nirudi kwa kijana wangu na simu yake.

AFM ni cheo cha kweli. FIDE yenyewe inavitambua vyeo vya mtandaoni vinavyopatikana kwenye uwanja wake wa intaneti. Viko vinne. Cha kwanza kinataka kiwango cha 1100, cha pili, ambacho ndicho chake, 1400, cha tatu 1700, na cha juu kabisa, grandimasta wa mtandaoni, 2000. Unatakiwa ukionyeshe kiwango hicho katika michezo mingi, haitoshi kubahatisha siku moja. Kwa hiyo kijana yule hakudanganya, na hakudanganywa. Lakini tazama namba. Grandimasta wa mtandaoni yuko kwenye 2000, na CM, cheo cha chini kabisa mezani kilicho wazi kwa wote, kiko kwenye 2200. Herufi zinafanana, F na M ni zile zile, lakini ile A iliyotangulia ni safari ya miaka.

Huko kwingine ambako vijana wengi wanacheza, Chess.com na Lichess, mambo ni tofauti tena. Majukwaa haya hayakupi ugrandimasta. Ukipata cheo mezani, unawathibitishia kwamba ni wewe, nao wanakuandikia herufi zako kando ya jina. Na herufi hizo zina faida yake. Kwenye Chess.com kuna mashindano ya Jumanne yenye zawadi za fedha ambayo anaingia mwenye cheo peke yake. Wanampokea hata masta wa taifa, cheo ambacho shirikisho la nchi hutoa kwa kanuni zake, lakini vyeo vya mtandaoni hawavipokei. Kijana wa Tanga au Kigali aliyepata CM anaweza Jumanne jioni kukaa chumbani kwake na kupangiwa na bingwa wa dunia. Bila cheo, mlango ule haufunguki.

Watu wananiuliza: kama magrandimasta wote wako mtandaoni, kwa nini nomu zisipatikane huko huko, tukaokoa nauli? Natamani ingewezekana. Lakini programu ya sataranji iliyo kwenye simu ya kawaida leo inacheza kuliko binadamu yeyote aliye hai. Huwezi kumwona mtu wa upande wa pili ana nini pembeni ya kioo. Hata mezani watu wanajaribu. Mwaka 2019 Igors Rausis, grandimasta aliyekuwa amefikia miaka 58 na Elo yake ikipaa ajabu mpaka karibu na 2700, alinaswa Strasbourg na simu chooni. FIDE ilimfungia miaka sita na kumnyang'anya ugrandimasta wake. Nimesema cheo ni cha maisha, isipokuwa kwa udanganyifu kama huo. Kwa hiyo waamuzi wanalinda meza kwa wivu, na wana haki.

Kama wachezaji wetu hawawezi kuzifuata meza, basi meza zije. Kupanga shindano dogo la watu kumi, kila mmoja akacheza na kila mwenzake, raundi tisa, si jambo la kushinda nchi. Kwa nomu ya IM, kila mchezaji anahitaji kukutana na ma-IM au magrandimasta watatu, na kiwango cha kuonyesha ni 2450. Uganda wapo, Zambia wapo, Afrika Kusini na Misri wapo. Basi la Kampala linafika Nairobi kwa usiku mmoja. Nauli ya wageni wanne na malazi yao ni pesa ndogo kuliko zinazotumika kwenye sherehe moja ya kukabidhi kombe, pamoja na mahema na vipaza sauti. Nimewahi kuyasema haya kwenye mkutano, nikaambiwa wazo ni zuri na litafanyiwa kazi. Nayasema tena hapa hewani, nikiwa na mashahidi wengi zaidi.

Kijana nilimpata Jumamosi iliyofuata. Nikakaa naye kwenye ngazi za ukumbi, nikamwandikia namba zote kwenye upande wa nyuma wa karatasi ya kuandikia hatua: 1400 hapa, 2200 pale, nomu hivi na hivi. Nilidhani atavunjika moyo. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akauliza shindano la karibu linalohesabiwa Elo ni lini.

Lilikuwa juzi. Mlangoni kulikuwa na meza ya mwamuzi na kapu la simu, maana haziruhusiwi ndani. Yeye hakutaka kuiweka kapuni, aliogopa kile kioo kitaachia kabisa. Akaizima, akanipa nimshikie. Raundi ya kwanza alifungwa. Raundi ya pili alitoka sare na mama mmoja mwalimu wa hesabu, mchezo uliokwenda mpaka wakabaki wawili tu ukumbini, ngome kwa ngome na askari watatu kila upande. Nilikuwa nimesimama nje karibu na dirisha, na simu ya kijana ilikuwa mfukoni mwangu, imezimwa. Alipotoka alikuwa bado anasukuma askari kwa kidole hewani, akiniuliza kama angetangulia kumpandisha mfalme wake.

Hakuikumbuka simu mpaka tulipofika kituo cha matatu.